Uanagenzi wa Wasomi katika Utafiti wa Elimu ya Juu: Jimbo la Wisconsin, 1901-1915

Mjini Madison, makao makuu ya jimbo la Wisconsin nchini Marekani, barabara moja yaunganisha kilima cha chuo kikuu na jengo la baraza la kutunga sheria. Mwendo wake haufiki kilomita mbili. Mwaka 1901 Charles McCarthy, mtoto wa wahamiaji kutoka Ireland, aliyepata udaktari wa historia chuoni hapo mwaka huohuo, aliajiriwa kutunza nyaraka za baraza hilo. Cheo kilikuwa kidogo, lakini alikigeuza kuwa ofisi ya utafiti. Mjumbe aliyetaka kujua jinsi majimbo mengine yalivyotunga sheria fulani alitafutiwa habari, kisha akasaidiwa kuandika mswada wake.

McCarthy aliamini kwamba mambo ya utawala hayajifunzwi vitabuni peke yake. Huko New York shule ya kuwafunza vijana kazi za umma ilikuwa imefunguliwa mwaka 1911, nao walijifunza kwa kuzifanyia uchunguzi ofisi zenyewe. McCarthy aliongoza kamati ya chama cha wataalamu wa siasa wa Marekani, iliyopendekeza mwaka 1914 kwamba kazi ya mwanafunzi katika ofisi za serikali ihesabiwe kuwa sehemu ya masomo yake ya juu. Kiswahili kina neno kwa kijana wa namna hiyo: mwanagenzi, yaani ajifunzaye kazi akiwa kazini.

Lakini mwanagenzi wa seremala ana bwana mmoja. Huyu ana wawili. Chuo humpa shahada, serikali humpa kazi. Ikiwa kinachochunguzwa ni shamba au reli, hapana shida kubwa. Je, kikiwa ni chuo chenyewe?

Swali hilo halikukawia. Mwaka 1914 halmashauri ya mambo ya umma ya jimbo ilimkabidhi William Allen, mmoja wa waanzilishi wa uchunguzi wa namna ile ya New York, kazi ya kukichunguza Chuo Kikuu cha Wisconsin. Hakuridhika na hesabu za fedha. Alitaka kujua walimu walitumiaje saa zao, na mafundisho yalikuwaje madarasani. Walimu walikasirika. Kwao elimu haikupimwa kama magunia ya ngano. Kwake, mlipa kodi alikuwa na haki ya kuuliza. Kila upande ulikuwa na sehemu ya haki, ingawa Allen, yaonekana, alipenda mno kuhesabu vilivyo rahisi kuhesabika.

Taarifa ilipotoka mwaka 1915, majibu ya chuo yalichapwa pamoja na lawama za mchunguzi. Jambo hilo, lililozaliwa na ugomvi, ndilo lililo bora katika habari yote hii: msomaji alipewa pande mbili, akaachiwa kuamua.

Mwaka huohuo gavana mpya, Emanuel Philipp, aliingia madarakani akiwa ameahidi kuifuta ofisi ya McCarthy. Alipoiona ikifanya kazi, alibadili nia. McCarthy alifariki mwaka 1921, na ofisi ikabaki. Edward Fitzpatrick, aliyeshughulika naye katika kamati ile ya mafunzo, akawa mwaka 1929 mkuu wa chuo cha Mount Mary: aliyetaka wanafunzi wapelekwe ofisini, sasa ofisi yake ilikuwa chuoni.