Ajali imepita, hofu imebaki: Lini umuone mshauri nasaha?

Plasta imetolewa mguuni, jeraha la kichwani limekauka na majirani wameacha kuja kutoa pole. Lakini kila daladala inapofunga breki ghafla, moyo unaenda mbio, viganja vinaloa jasho na unatamani kushuka kabla ya kituo.

Huo si uoga wala kudeka. Ni jeraha jingine la ajali, na lina matibabu.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa ajali za barabarani huua watu milioni 1.19 kila mwaka duniani. Wengine kati ya milioni 20 na milioni 50 hubaki na majeraha. Hesabu hiyo ni ya miili tu; walioumia akili hawamo.

Kwa mkazi wa Bunju, Tegeta au Mbagala, kuikwepa barabara haiwezekani. Kazini, sokoni na shuleni kunafikiwa kwa daladala, bajaji au bodaboda. Kwa dereva wa bodaboda, pikipiki ndiyo ofisi. Hofu isipotibiwa, riziki nayo inakatika.

Kipi ni cha kawaida?

Siku na wiki za mwanzo, ndoto mbaya, kushtukashtuka, kulia, hasira na kukosa usingizi ni mambo ya kawaida. Kwa watu wengi hupungua yenyewe.

Umuhimu wa kumuona mtaalamu unaongezeka pale mwezi unapopita na bado:

- tukio linajirudia kichwani kana kwamba linatokea sasa;
- unakwepa barabara, gari au mazungumzo yanayokukumbusha ajali;
- unashtuka kwa honi au mlio wa breki, hata ukiwa ndani ya nyumba;
- unajilaumu, hasa kama kuna mtu alifariki na wewe ukapona;
- umepoteza hamu ya kazi, familia au chakula.

Dalili hizi zikikaa na kuvuruga maisha, inaweza kuwa hali ambayo madaktari huiita PTSD, yaani kiwewe kisichoisha baada ya tukio la kutisha. Wengine hupata sonona, na wengine huanza kunywa pombe ili tu walale.

Usisubiri mwezi kama kuna mawazo ya kujiua. Mtu huyo afikishwe hospitali siku hiyohiyo, na asiachwe peke yake.

Vilevile, kama uligonga kichwa na sasa unatapika, kichwa kinauma kupita kiasi au unasahau mambo, rudi hospitali upimwe haraka. Usidhani ni mawazo tu.

Watoto huonyesha tofauti

Mtoto anaweza asiseme chochote. Badala yake anaanza kukojoa kitandani wakati alishaacha, anang'ang'ania mzazi, anagoma kupanda basi la shule, au anaigiza ajali kila anapocheza. Usimchape wala kumcheka. Mwambie yupo salama, rudisha ratiba yake ya kulala na kusoma, kisha omba msaada. Namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto hupigwa bure.

Ndugu wafanye nini?

Kila mgeni anayekuja kutoa pole huuliza, "Ilikuwaje?" Mgonjwa anajikuta anasimulia ajali mara kumi kwa siku. Kumlazimisha kusimulia hakumponyi. Akitaka kuongea, msikilize, akinyamaza, muache.

"Jikaze" na "mshukuru Mungu umepona" hutamkwa kwa nia njema, lakini humfanya afiche maumivu. Msaada unaoonekana una nguvu zaidi: kumsindikiza kliniki, kumpikia, kukaa naye usiku.

Tahadhari pia na vidonge vya usingizi vya kununua duka la dawa. WHO haishauri dawa kama diazepamu zitumike kutuliza mshtuko katika mwezi wa kwanza baada ya tukio.

Mshauri anafanya nini hasa?

Ushauri nasaha si mahubiri wala kupewa amri. Mtaalamu huanza kwa kuuliza usingizi, hofu na maisha yako ya kila siku yakoje. Anakufundisha kutuliza mwili, kwa mfano kupumua taratibu, na kuyachunguza mawazo kama "ningewahi kushuka, asingekufa."

Kisha mnarudi barabarani hatua kwa hatua. Wiki ya kwanza inaweza kuwa kusimama kituoni tu bila kupanda. Inayofuata, kituo kimoja ukiwa na ndugu. Baadaye, safari nzima. Kwa kawaida huchukua vikao kadhaa, hivyo usikate tamaa baada ya kimoja. Wapo watakaohitaji na dawa, na hizo huandikwa na daktari.

Sheikh, padri au mchungaji anaweza kukufariji sana. Endelea naye, ila asichukue nafasi ya mtaalamu.

Uanzie wapi?

Anzia pale unapotibiwa. Ukirudi kliniki ya mifupa, usiishie kuonyesha mguu, mwambie daktari, "Silali, na naogopa kupanda gari." Sentensi hiyo inatosha kukufungulia mlango wa kitengo cha afya ya akili.

Mkazi wa Kinondoni anaweza kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mwananyamala, na wa Temeke aende Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Temeke. Matatizo mazito zaidi hupelekwa Muhimbili, yenye idara ya magonjwa ya akili. Kama upo mbali, kituo cha afya cha jirani kinaweza kukuandikia rufaa.

Beba kadi ya bima kama unayo. Kama huna uwezo wa kulipa, ulizia ofisi ya ustawi wa jamii hapo hospitalini kabla hujaamua kurudi nyumbani.