Maji ya etangi: kupita ni kitu kimoja, kuchanganyika ni kingine

Samaki wa Ziwa Albert wanafika Bunia kutoka Tchomia na Kasenyi, lakini barabara ikiharibika au ikifungwa, sahani inabaki na sombe peke yake. Ndiyo maana wakaaji wengine wamechimba etangi katika parsele ao kule chini kwenye bonde, wakaweka tilapia. Hasara inayowauma zaidi inakuja kwa namna moja: jioni samaki ni wazima, asubuhi wanaelea tumbo juu. Wa kwanza kushutumiwa ni jirani, kwamba ametupa sumu. Mara nyingi jirani hana kosa. Samaki wamekosa hewa.

Samaki anapumua oksijeni iliyoyeyuka ndani ya maji. Mchana, mimea midogo sana inayofanya maji yawe ya kijani inatengeneza oksijeni kwa nguvu ya jua. Usiku inaacha kutengeneza, tena nayo inapumua, pamoja na samaki na uchafu unaooza kwenye matope. Kwa hiyo oksijeni iko chini kabisa muda mfupi kabla jua halijatoka. Bunia iko zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari, na kwa urefu huo hewa ni nyepesi: maji yanashika oksijeni pungufu ya karibu sehemu moja kwa saba, ukilinganisha na maji ya pwani yenye joto lilelile. Siku mbili tatu za mawingu mfululizo zinatosha kuleta msiba. Mvua kali ya baridi nayo ni hatari, kwa sababu maji baridi yanazama na kupandisha juu yale mabaya ya chini.

Wakisikia hivyo, wafugaji wengi wanafungua mfereji maji yapite usiku na mchana. Hapo wanaponya kidonda kimoja na kufungua kingine. Etangi ya mita 10 kwa 10, yenye kina cha sentimita 80, iko na litre 80,000. Mtu akitega bido ya litre 20 kwenye tiyo na ikajaa kwa sekunde 40, basi kwa siku moja zinaingia litre 43,200, zaidi ya nusu ya etangi nzima. Mbolea ya kuku ao ya mbuzi iliyonunuliwa kwa feza inatoka na maji yale, pamoja na ukijani ambao ndio chakula cha tilapia. Etangi ya mbolea inahitaji tu maji ya kurudisha yale yaliyokauka na yaliyonywewa na udongo. Kipimo ni mkono: ukiuzamisha ndani, kiganja kipotee machoni maji yakifika kwenye kiwiko. Kikipotea mapema, ukijani umezidi, na ni etangi kama hizo zinazoua samaki usiku. Basini ya simenti ni habari nyingine. Kule samaki wengi wamebanana na wanalishwa chakula cha kununua, kwa hiyo maji lazima yabadilishwe sana.

Kitu ambacho etangi zote zinahitaji ni maji kuchanganyika na kugusa hewa. Watu wa Ulaya wanaofuga matumbawe ya bahari ndani ya vioo wananunua mitambo midogo ya kutengeneza mawimbi, maana tumbawe limeshikamana na jiwe: maji yasipotembea kulizunguka, linaweza kufa. Tilapia anaweza kuogelea kutafuta pazuri, ila kona ambayo maji yake hayatembei inabaki inaoza, na uozo huo unakula oksijeni ya wote.

Tiyo ya kuingiza maji isizamishwe. Iwekwe juu, maji yaanguke kama nusu mita, yapige ubao ao jiwe, yatawanyike. Hiyo ni lazima zaidi kwa maji ya chemchemi, ambayo yanaonekana masafi lakini yakitoka ardhini yanakuwa na oksijeni kidogo. Mahali pa kutokea maji pawe upande wa pili kabisa, la sivyo maji mapya yanaingia na kutoka bila kufika kona nyingine. Tena yatoke yale ya chini: tiyo ya kutolea ivalishwe tiyo nene zaidi, ndefu kuipita, iliyotobolewa matundu karibu na matope. Maji mabaya yanavutwa kutoka chini, mazuri ya juu yanabaki.

Dalili ya hatari ni tilapia kukusanyika alfajiri, midomo juu ya maji, hasa karibu na tiyo. Kambale asidanganye mtu, yeye ameumbwa na kiungo cha kupumua hewa ya juu, na anapanda hata maji yakiwa mazuri. Mfungulie tilapia maji mapya yaanguke kwa nguvu. Yasipokuwepo, chota maji ya juu kwa ndoo na kuyamwaga toka kimo cha kifua, watu wawili watatu wakipokezana mpaka jua lipande. Mwenye motere ya kuvuta maji ayavute ya juu na kuyarusha hewani yaangukie humohumo, motere ikiwa mbali ili esanse isidondokee ndani. Asiingie mtu kukanyaga matope. Siku hiyo hakuna chakula, hakuna mbolea.