Shauri la Mama Yake Kepler

Mara nyingi tunapowaonya Wakristo wetu juu ya imani za uchawi, twasema kana kwamba jambo hili ni giza la mababu zetu peke yao. Historia ya Walutheri wenyewe haituruhusu kusema hivyo.

Mwaka 1615, katika mji wa Leonberg, nchi ya Württemberg, mjane mzee aitwaye Katharina Kepler alisingiziwa uchawi. Alikuwa Mlutheri, mkwewe alikuwa mchungaji, na mwanawe Johannes, aliyesoma theolojia huko Tübingen, ndiye yule mtaalamu mashuhuri wa elimu ya nyota. Jirani mmoja alidai kwamba kinywaji alichopewa na mjane huyo kilimletea ugonjwa. Kaka yake jirani huyo, aliyekuwa na kazi katika nyumba ya watawala, akiwa pamoja na mkuu wa serikali wa mji, alimtishia bibi huyo kwa upanga ili amponye mgonjwa. Hapa ndipo penye hatari: uvumi wa majirani ulikuwa umepata kiti cha hakimu. Tangu hapo hata maumivu ya mkono ya msichana aliyebeba matofali yakawa ushahidi.

Agosti 1620 alikamatwa usiku nyumbani kwa mkwewe mchungaji, akatolewa ndani ya sanduku, akakaa kifungoni miezi 14.

Johannes alisafiri kutoka Linz, akamtetea kwa maandishi marefu. Hakukana kwamba wachawi wapo. Katika hilo alikuwa mtu wa zama zake. Bali kila shtaka alilidai ushahidi. Nani aliona? Je, mzigo wa matofali hautoshi kuumiza mkono?

Swali hilo, nani aliona, sisi wachungaji hatuliulizi vya kutosha pale bibi mwenye macho mekundu kwa moshi wa jikoni anapoanza kunong'onwa usharikani. Amri ya Nane twaifundisha katika kipaimara kila mwaka. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928, inayokataza kumsingizia mtu uchawi, nayo twaijua. Hata hivyo twanyamaza.

Septemba 1621 Katharina alionyeshwa vyombo vya mateso. Hakukiri, alipiga magoti akasali Sala ya Bwana. Baadaye aliachiliwa huru, lakini watu wa Leonberg walitishia kumwua akirudi kwao. Alifariki Aprili 1622.