Visaidizi vya kulenga katika mchezo wa pool

Visaidizi vya kulenga ni alama, vifaa au mbinu anazotumia mchezaji wa pool kukadiria njia ya mpira mweupe na mahali utakapogonga mpira unaolengwa. Alama na vifaa hivyo ni vya aina mbili: vilivyo sehemu ya meza au fimbo, na vinavyoletwa kutoka nje, kama vile taa za leza.

Kanuni za Shirikisho la Dunia la Pool (WPA), lililoundwa mwaka 1987, huhesabu kuitia alama meza na kutumia vifaa isivyostahili kuwa utovu wa uanamichezo. Kwa jumla, kifaa kisicho cha kawaida hakiruhusiwi. Mchezaji mwenye shaka hutakiwa kuwauliza wasimamizi kabla ya mchezo kuanza. Alama zilizochorwa kiwandani kwenye kingo za meza huweza kutumiwa kukadiria pembe. Adhabu huamuliwa na refa, kuanzia onyo hadi kuondolewa kwenye mashindano.

Nje ya mashindano rasmi, kwa mfano katika kaunti za Meru na Embu, mashariki mwa Mlima Kenya, pool huchezwa hasa kwenye baa na kumbi za burudani. Pasipo refa, ni vyema wachezaji wakubaliane kuhusu kanuni mapema, hususan kuhusu ushauri wa watazamaji. Adabu ya mchezo humtaka mpinzani asisimame kwenye mstari wa macho ya anayelenga, asimsemeshe, wala asiache chaki ukingoni mahali inapoweza kuwa alama ya kulengea.