Msitu wa Jamii Ituri: Kutoka Neno la Wazee hadi Saini ya Bunia

Mzee wa Mambasa akiulizwa msitu wake unaishia wapi, hutaja mto, kilima na makaburi ya baba zake. Kwa muda mrefu jibu hilo halikuwa na uzito mbele ya ofisi. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 ilitangaza kuwa ardhi yote ni mali ya Serikali, ikaahidi kwamba haki za jamii juu ya ardhi zao zingepangwa kwa amri ya Rais. Miongo ikapita, amri haikutoka. Mwenye hati akashinda, mwenyeji akahama. Sisi wa Ituri hatuhitaji kusimuliwa matokeo yake: ugomvi wa mashamba yenye hati huko Djugu ndio uliowasha vita vya mwaka 1999.

Kwa upande wa misitu, mlango ulifunguliwa na Sheria ya Misitu ya tarehe 29 Agosti 2002. Kifungu cha 22 kiliruhusu jamii kuomba msitu inaoumiliki kwa mila, bila malipo. Hata hivyo, ilibidi kungoja miaka 12 zaidi, hadi dekreti namba 14/018 ya tarehe 2 Agosti 2014, ndipo njia ya kuomba ikajulikana. Jamii inaweza kupewa hadi hekta 50,000, na inapewa milele.

Dekreti hiyo ilipotoka, Ituri ilikuwa bado wilaya ya Mkoa wa Mashariki, na gavana wa kutia saini ya kuipa jamii msitu alikaa Kisangani. Mwaka 2015 Ituri ikawa mkoa, saini ikahamia Bunia. Tangu Mei 2021, chini ya hali ya dharura, anayekalia kiti hicho ni gavana wa kijeshi.

Lakini saini peke yake hailindi mti. Hata Australia, baada ya hukumu ya Mabo ya mwaka 1992 iliyotambua haki ya wenyeji juu ya ardhi yao, sheria iliwataka wenyeji waunde shirika la kushika haki zao. Kwetu, agizo la waziri la Februari 2016 liliweka vyombo vinne: baraza la jamii nzima, kamati ya usimamizi, kamati ya kukagua kazi yake, na baraza la wazee. Naiona kamati ya ukaguzi kuwa ndiyo roho ya mpango huu. Mfanyabiashara wa mbao hana haja ya kununua kijiji kizima. Humtosha mtu mmoja mwenye muhuri. Pasipo wa kumuuliza mtu huyo, magogo yataondoka huku karatasi ikibaki kabatini.

Kuna wenyeji wengine waliokuwamo msituni tangu zamani, ambao mara nyingi huitwa mkutanoni wakati ramani imekwisha kuchorwa: Wambuti na Waefe. Majirani zao Wabila na Walese wanajua vizuri ni nani huwaonyesha njia ya asali na ya mawindo. Sheria ya tarehe 15 Julai 2022 sasa inatambua haki za watu hawa wa asili, ikiwamo haki yao juu ya ardhi wanayoitumia.

Basi ninyi makapita na wazee mnaoandaa maombi ya kuleta Bunia: kabla hamjachora mstari wa kwanza wa ramani, nendeni kambini mkawaulize Wambuti, na majina yao yaandikwe katika kamati.