Butanoli: Kutoka Taka Hadi Rangi za Magari

Butanoli ni alkoholi isiyo na rangi, yenye harufu kali, inayochemka kwenye nyuzi 118 hivi za Selsiasi. Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Uingereza ilihitaji asetoni ya kutengenezea baruti isiyotoa moshi. Chaim Weizmann, mkemia wa Manchester, aliipata kwa kuchachusha wanga kwa bakteria. Hata hivyo, kwa kila sehemu moja ya asetoni zilitoka takriban mbili za butanoli, ambayo haikuwa na soko. Miaka ya 1920 viwanda vya magari vya Marekani vilianza kutumia rangi za nitroselulosi zinazokauka upesi, na asetati ya butili, itokanayo na butanoli, ikawa kiyeyushi chake kikuu. Baadaye butanoli nafuu itokanayo na mafuta ghafi iliusukuma kando uchachushaji.