Mbwakela na Wafumbuzi Wake: Jinsi Wasikilizaji Walivyozisoma Nyimbo za Franco

Methali yasema: fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Methali hiyo inachukulia kwamba fumbo lina jibu moja, na kwamba mwerevu akilipata shauri limekwisha. Historia ya muziki wa Kongo inaonyesha vingine. Makala haya yanachunguza mbwakela, jina ambalo Kilingala huupa usemi wa kupiga vijembe kwa kuficha, katika nyimbo za Luambo Makiadi, yaani Franco (1938–1989), mmoja wa waanzilishi wa OK Jazz mwaka 1956. Hoja yetu ni kwamba maana ya mbwakela haikuwa mali ya mtunzi peke yake: ilitengenezwa na wasikilizaji, na mara nyingine ilithibitishwa na dola yenyewe.

Tuanze na mwaka 1966. Tarehe 2 Juni, Évariste Kimba, aliyewahi kuteuliwa Waziri Mkuu, alinyongwa hadharani pamoja na wenzake 3 mjini Léopoldville, mji uliopewa jina la Kinshasa mwaka huohuo. Baada ya tukio hilo Franco alitoa wimbo "Luvumbu Ndoki". Katika Kikongo ndoki ni mchawi. Mobutu hakutajwa, lakini wasikilizaji walimtambua katika sura ya mchawi huyo. Sahani za wimbo ziliondolewa sokoni, na Franco akavuka mto kwenda Brazzaville kwa muda. Hapa pana jambo la kuzingatiwa: kwa kuupiga marufuku wimbo usiomtaja mtu, serikali ilikiri kwamba imejitambua. Aliyekasirishwa na fumbo ndiye aliyelifumbua mbele ya watu wote.

Mfano wa pili una utata zaidi. Mwaka 1978 Franco alifungwa kwa sababu ya nyimbo "Hélène" na "Jacky", zilizohukumiwa kuwa za matusi. Mwendesha mashtaka mkuu wa Jamhuri wakati huo alikuwa Kengo wa Dondo. Mwaka 1981 ulitoka wimbo "Tailleur", unaohusu fundi wa kushona aliyenyang'anywa sindano na mwenye sindano. Wengi walisema fundi ni Kengo, ambaye alikuwa ameondoka katika wadhifa ule, na sindano ni madaraka. Ufumbuzi huo unapendeza, ila mwaka 1982 Kengo aliteuliwa kuwa mkuu wa serikali. Fundi alirudishiwa sindano, tena kubwa kuliko ile ya kwanza! Wimbo haukubadilika hata neno moja. Waliobadilika ni mazingira ya kuusikiliza.

Tofauti na hali ya kwingineko inasaidia kuelewa uzito wa jambo hili. Mwaka 1969 wanafunzi wa Marekani walizipekua nyimbo na majalada ya Beatles wakitafuta dalili kwamba Paul McCartney amekufa. Alijitokeza mwenyewe kukanusha, na upekuzi ukaendelea kama mchezo. Katika Zaire ya Mobutu kufumbua hakukuwa mchezo mtupu: ufumbuzi uliosemwa kwa sauti ungeweza kumpeleka mtunzi gerezani, na ukimya wa mtunzi ulikuwa ngao yake.

Kwa msikilizaji wa Bukavu, aliye takriban kilomita 1,500 kutoka Kinshasa na ambaye lugha yake ya kila siku ni Kiswahili, fumbo lilifika bila ufunguo. Wimbo ulisafiri kwa redio. Uvumi wa mitaa ya Kinshasa ulibaki nyuma. Hivyo mahali pa mlengwa mmoja aliweza kuweka aina ya mtu. Wimbo "Mario" wa mwaka 1985, juu ya kijana anayelelewa na mwanamke aliyemzidi umri, unatoa ushahidi wa kiisimu: katika Kiswahili cha mitaani cha Tanzania marioo ni mwanamume yeyote anayetunzwa na mwanamke. Jina la mtu limekuwa nomino ya jumla, na swali la Mario alikuwa nani limepoteza uzito.

Kwa hiyo, wanafunzi wanaokusanya simulizi kuhusu nyimbo hizi wasiridhike kuuliza "wimbo ulimlenga nani?" Franco alifariki mwaka 1989, wala hawezi tena kukiri au kukana. Waulize pia nani aliusikia hivyo, mwaka gani, katika lugha gani, na alihatarisha nini kwa kusema. Majibu hayo ni historia hata pale ambapo fumbo lenyewe halijaganguliwa.